Vumbi Lililodandia Povu

Kwenye mtambo ule wa kuchambua shaba hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wakubwa kwa wadogo, walinzi wa getini, hata daktari wa zahanati ya kiwanda, wote walimwita Mama Povu, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mnene kiasi, mwenye kicheko kilichopenya kelele za mashine. Wenzake walidai kwamba ukitaka kujua kama Mama Povu yuko zamu, huna haja ya kusoma orodha iliyobandikwa ukutani. Simama mlangoni, tega sikio, utamsikia.

Kazi yake ilikuwa kuangalia povu. Jiwe lenye shaba lilisagwa kwenye kinu kikubwa hadi likawa unga, likachanganywa na maji, likawa tope jembamba la kijivu. Tope hilo liliingia kwenye matangi, likatiwa dawa kidogo, na hewa ikapulizwa kutoka chini. Kwa nguvu ya ile dawa, chembe za shaba zilikimbia maji na kuitafuta hewa. Ziling'ang'ania viputo, zikapanda navyo mpaka juu, na povu lilipofurika ukingoni liliangukia kwenye mfereji na kwenda kukamuliwa. Kilichobaki baada ya kukamuliwa ndiyo makinikia, unga mzito wenye rangi ya shaba chafu, uliopakiwa kwenye malori kupelekwa kiwanda cha kuyeyusha. Jiwe lisilo na faida lilitakiwa kubaki chini ya tangi na kutupwa pamoja na maji machafu.

Mama Povu alikuwa msimamizi wa matangi sita yaliyopangwa sambamba, yaliyojulikana kama safu ya tatu. Hakuanzia hapo. Alianza akiwa mfagiaji, miaka ishirini na miwili nyuma, akisukuma tope lililomwagika sakafuni kwa brashi ndefu. Kwa kuwa mfagiaji hupita kila mahali na hakuna anayemjali, aliona mengi. Aliona povu likiwa na afya na likiwa linaumwa. Siku moja mwendeshaji wa safu ya tatu alilazwa kwa homa, na msimamizi wa zamu, mtu wa pupa aliyejulikana kama Bwana Haraka, alikuwa anazunguka matangi huku ameshika kichwa. Mfagiaji akaegemea brashi yake akasema hewa imezidi kwenye tangi la pili. Bwana Haraka alimtazama kama mtu aliyesemeshwa na ndoo. Lakini kwa kuwa hakuwa na wazo jingine, alifunga vali kidogo, na povu likatulia. Wiki iliyofuata brashi ile alipewa mtu mwingine.

Tangu hapo sifa yake ilikuwa povu linalomwagika. Povu la Mama Povu lilikuwa jingi, limenona, linakimbia ukingoni bila kupumzika, na wageni wa kiwanda walipoletwa kutembezwa, waliletwa kwenye safu ya tatu wapigwe picha. Yeye mwenyewe aliamini kwamba povu zuri ni povu linalotoka.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi cherehani mpole aliyegeuza chumba cha mbele kuwa karakana yake, na binti mmoja tu. Binti alisoma kemia akaimaliza, akarudi, akaajiriwa kwenye maabara ya mtambo uleule. Siku ya kwanza ya kazi, fundi alimshonea mwanawe koti jeupe kwa vipimo vyake hasa, kwa sababu, alisema, makoti ya kugawiwa humfanya mtu aonekane kama amejificha ndani ya shuka. Mama na binti walitoka asubuhi ile wameongozana, mmoja na kofia ngumu ya njano, mwingine na koti linalong'aa. Fundi alisimama kizingitini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akawatazama hadi walipokata kona, halafu akarudi ndani akashona kola upande usio wake. Alilazimika kuifumua.

Miezi mitano ikapita kwa raha. Ndipo malori yalipoanza kurudi.

Kiwanda cha kuyeyusha kilirudisha lori la kwanza, kikarudisha la pili, na barua ikafuata: makinikia yenu ni machafu, yamejaa vumbi la jiwe. Walikuwa tayari kupokea mzigo wenye vumbi sehemu nane katika mia, si zaidi. Huo uliorudishwa ulikuwa na kumi na nne. Meneja akaita mainjinia, mainjinia wakailaumu dawa. Walibadilisha dawa, wakapunguza dawa, wakaongeza dawa, na vumbi likabaki palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Mwishowe meneja akaiagiza maabara ichukue sampuli kwenye kila tangi ili ijulikane uchafu unaingilia wapi. Kazi hiyo akapewa mpimaji mpya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na miguu mizuri ya kupanda ngazi.

Matokeo yalisomwa kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya watu wa zamu zote. Binti alisimama na karatasi yake. Alisoma safu ya kwanza, akasoma ya pili, kisha sauti ikashuka kidogo akasoma ya tatu. Vumbi jingi kuliko kote lilikuwa linatoka safu ya tatu. Hakuna aliyegeuza shingo, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu kila mtu alijua safu ya tatu ni ya nani. Mtu mmoja akakohoa. Bwana Haraka akaanza kuhesabu misumari ya dari.

Mama Povu alikaa ameshikilia kofia yake mapajani. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema neno moja tu.

"Nimekusikia, mpimaji."

Hakusema mwanangu. Binti alikaa chini na masikio yanawaka moto.

Siku tatu zilizofuata hawakusemeshana. Si kwamba walikuwa wanachukiana. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze, na wote wawili walikuwa na shingo ngumu za ukoo mmoja. Kwa hiyo kila neno lilipitia kwa fundi. Mke angekaa upande huu wa meza na kusema, mwambie huyo mtaalamu wako chumvi iko kabatini. Binti, aliyekuwa hatua mbili kutoka hapo na ameshasikia, angengoja mpaka baba yake amgeukie na kumwambia chumvi iko kabatini, kisha angejibu, mwambie mama ahsante, nimeiona. Fundi alipeleka ujumbe kwa uaminifu siku ya kwanza. Siku ya pili alianza kuchoka. Jioni ya siku ya tatu, alipoitwa aache cherehani aende jikoni kuuliza nani kachukua sabuni, aliweka mkasi chini na kutangaza utaratibu mpya. Alikuwa na oda ya mashati ya shule, vifungo vilikuwa havijashonwa, na kuanzia saa ile kila ujumbe ungelipiwa kwa kifungo kimoja. Anayetaka kutuma neno ashone kwanza.

Walidhani anatania. Aliwawekea sindano, uzi na rundo la mashati kwenye mkeka, akarudi kwenye cherehani yake akaanza kupiga mluzi.

Mke akashona kifungo. Akatuma ujumbe kuhusu sabuni. Binti akashona kifungo, akajibu kuhusu sabuni. Mama akaona jibu lile lina kiburi, akashona cha pili. Wakaendelea hivyo, wamekaa mkeka mmoja, magoti yanakaribia kugusana, wakishona kwa hasira na kupeleka maneno kwa mtu aliyekaa nyuma yao, hadi walipojikuta wameshika shati moja, mmoja anashona kifungo cha juu na mwingine cha chini. Mama alivuta upande wake. Binti akavuta wake. Ndipo kile kicheko kilichojulikana mtambo mzima kikamtoka Mama Povu bila ruhusa yake, na binti naye akacheka mpaka akalaza kichwa kwenye bega la mama. Fundi hakugeuka. Alihesabu mashati kwa jicho la pembeni, akaona saba yameshakamilika, akasema kimoyomoyo kwamba laiti wangenuna siku moja zaidi.

"Mama," binti alisema walipotulia, "mimi sikusema wewe ni mchafu. Nilisema povu lina vumbi."

"Povu lile ndilo mimi, mwanangu. Miaka ishirini."

"Najua. Ndiyo maana nataka uje ulione. Njoo maabara kesho, saa ya chai."

Siku iliyofuata Mama Povu alivuka uwanja akaingia maabara kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alivua buti mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi, akiogopa kuchafua sakafu. Binti alikuwa ameteka povu kidogo kutoka safu ya tatu, akaliweka kwenye kioo chini ya hadubini kabla halijapasuka. Mama akainama, akafumba jicho moja. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Binti akamrekebishia, na ghafla akaona.

Aliona kiputo kimoja kikubwa kama mwezi, na kwenye ngozi yake chembe za shaba zimejipanga, za njano, zinang'aa, zimeshikana bega kwa bega. Miaka yote alikuwa anaona povu kwa mbali. Hakuwahi kujua kwamba ndani ni kuzuri namna ile. Alitazama kwa muda mrefu na binti akamwacha.

Kisha akasogeza jicho. Kati ya kiputo na kiputo palikuwa na maji, na ndani ya maji yale palikuwa na vumbi la kijivu, laini, linazungukazunguka. Halikushika kitu. Halikugusa hata kiputo kimoja.

"Hili halijashikamana na povu," Mama Povu alisema, jicho likiwa bado kwenye hadubini. "Hili limedandia tu. Linapanda kwa sababu maji yanapanda."

Binti alikuwa ameangalia kitu kilekile kwa wiki mbili, akakiandikia kurasa tano, na hakuwahi kukipatia neno fupi hivyo. Akafungua daftari akamwonyesha mama yake hesabu aliyokuwa amefanya bila kuelewa vizuri maana yake. Alikuwa amepima maji yaliyomo kwenye povu la kila tangi, akapima na vumbi. Tangi lenye povu la maji mengi lilikuwa na vumbi jingi. Tangi lenye povu kavu lilikuwa na vumbi kidogo. Ilikuwa hivyo kwa matangi yote kumi na nane, bila kuruka hata moja.

Mama Povu akashika kiuno. Basi dawa haina kosa, alisema, kwa sababu dawa kazi yake ni kushikisha, na hili halishiki. Kosa ni maji. Na povu lake yeye, povu lililosifiwa, lililopigwa picha, lilikuwa linakimbia kuliko yote kwa sababu lilikuwa na maji kuliko yote.

"Lakini mbona zamani lilikuwa safi?" aliuliza. "Mimi sijabadilika."

Binti naye alikuwa na swali hilohilo, na walilijibu pamoja hapohapo, mmoja amesimama na soksi na mwingine amekaa juu ya kabati la chupa. Miezi michache nyuma wachimbaji walikuwa wamefikia mwamba mgumu zaidi. Ili shaba itoke kwenye mwamba ule, kinu kilikuwa kinasaga laini kuliko zamani. Vumbi la zamani lilikuwa nene, likipandishwa linarudi chini lenyewe kwa uzito. Vumbi la sasa lilikuwa laini kama poda ya mtoto, na maji yakienda nalo linaenda. Povu halikuwa limebadilika. Jiwe ndilo lililobadilika.

Mama Povu alivaa buti zake akiwa mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Mtu akiambiwa alikosea miaka ishirini, hulala chini. Akiambiwa jana alikuwa sahihi na kesho kuna kazi mpya, huamka.

Akaanza siku hiyohiyo. Alishusha tope ndani ya matangi yake ili tabaka la povu juu yake liwe nene, na akapunguza hewa kidogo, povu lipande taratibu na lipate nafasi ya kuchuja maji kabla ya kufika ukingoni. Lilikuwa jambo gumu kwa mikono yake. Kila mara vidole vilitaka kurudi kwenye vali. Povu likawa linakwenda polepole, linapanda, linasita, linajikunja ukingoni kama mtu mwenye nafasi. Bwana Haraka alikuja mbio akiuliza nani amefariki. Akaelezwa, akasimama pale dakika kumi akiwa hana amani, mguu mmoja unatikisika, halafu akaondoka akisema kwamba yeye hawezi kutazama kitu kinachokwenda mwendo huo, kinamletea usingizi.

Sampuli zilipopimwa, vumbi lilikuwa limeshuka kutoka kumi na nne hadi kumi. Walifurahi, lakini kumi si nane. Mama Povu alijaribu kulifanya povu liwe nene zaidi, ila safari hii shaba yenyewe ikaanza kubaki chini na kwenda kutupwa. Hapo wakagonga mwamba.

Wazo la pili lilikuwa lake pia. Alisema, kama vumbi linakaa kwenye maji ya povu, tuyatoe yale maji machafu kwa kuyasukuma chini na maji safi kutoka juu, shaba itabaki imeshika kiputo chake. Injinia mkuu, mzee mtaratibu ambaye hakupenda kudharau kitu kabla ya kukiona, alisema amewahi kusikia mahali linapofanyika jambo hilo, akaruhusu lijaribiwe kwenye tangi moja. Fundi wa kuchomelea, kijana wa watu aliyeitwa Cheche, akatoboa bomba la chuma matundu mengi, wakalining'iniza juu ya povu, wakafungua maji.

Ilikuwa balaa. Maji yalitoka kwenye matundu yale kama mishale, yakalichana povu, likaporomoka lote, shaba ikarudi kuzama, na tope likaruka juu hadi kwenye miwani ya meneja, ambaye saa hiyo ndiyo aliyochagua kupita kuona maendeleo. Cheche alifunga maji kwa mikono miwili. Mama Povu, aliyekuwa amelowa kuanzia kofia hadi kiunoni, alimtazama meneja, akatazama tangi lisilo na povu, akajizuia kadiri alivyoweza, ikashindikana. Alipocheka yeye, Cheche akacheka, injinia mkuu akacheka, na meneja, akifuta miwani kwa shati ambalo nalo lilikuwa na tope, akauliza kama kesho wanaweza kumpigia simu kabla.

Jioni alimsimulia mumewe yote, wakiwa wamekaa uani. Fundi alisikiliza huku akipiga pasi suruali, akinyunyizia kitambaa maji kwa vidole. Hakuuliza habari za meneja. Aliuliza maji yale yalikuwa yanatoka kwa nguvu gani.

"Kama sindano," mkewe alisema.

"Nanyi mnataka yatokeje?"

"Kama jasho."

Fundi akaweka pasi pembeni. Aliingia ndani, wakamsikia anafungua sanduku la vitambaa, akatoka na robota la kitambaa kizito cha pamba, kile kinachoshonewa mifuko ya nafaka. Aliuliza urefu wa bomba. Mita nne. Unene. Mke akaonyesha kwa viganja, fundi akakataa, akapima viganja vyenyewe kwa futi. Kisha akaketi kwenye cherehani akalishonea bomba nguo. Ilikuwa kama mkono mrefu wa shati usio na mwisho, umepigwa mshono mara mbili, wenye kamba za kukaza huku na huku. Binti alichomeka mpira wa bomba la uani uliotobolewa kwa msumari, wakauvisha, wakafungua maji. Mara ya kwanza kitambaa kilivimba tu. Baada ya muda kikaanza kutoa matone upande wa chini, kote sawasawa, bila nguvu, bila kelele. Majirani wawili walikuwa wamesimama ukutani wakitazama familia nzima imeinama inaangalia gauni la mpira likitoka jasho, huku ikipiga makofi. Hawakuuliza kitu.

Jaribio la pili lilifanyika siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Meneja alipigiwa simu. Alikuja, akasimama mbali.

Cheche alivisha bomba nguo yake, akakaza kamba. Mama Povu mwenyewe akafungua maji, robo, kisha nusu. Matone yakaanza kuanguka juu ya povu. Povu lilitetemeka kidogo, likayapokea. Halikuchanika. Kwa dakika chache hakuna kilichobadilika, na Bwana Haraka akaanza kutikisa mguu wake. Halafu ile rangi ya kijivu iliyokuwa imelala kati ya viputo ikaanza kufifia, ikazama, na povu likakolea. Lilipofika ukingoni lilikuwa la njano iliyoiva, linametameta, na liliviringika kuingia mferejini kwa mwendo wake wenyewe. Mama Povu alikuwa ameshika chuma cha ngazi. Hakucheka. Watu waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumwona kimya dakika tano nzima akiwa hajalala.

Binti alichukua sampuli kila nusu saa, akaondoka nazo. Saa sita na robo walimwona anatoka maabara. Kukimbia uwanjani kulikatazwa kabisa, na kibao chenye maandishi mekundu kilisimama katikati ya uwanja kikisema hivyo. Alikipita kwa mbio, koti jeupe likipepea. Afisa wa usalama akapuliza filimbi. Hakusimama. Alipanda ngazi mbili mbili, akafika juu hana pumzi, akaweza kusema neno moja.

"Sita."

Mama yake alimwambia arudie, kwa sababu mashine zilikuwa zinanguruma.

"Sita, mama. Sita katika mia. Na shaba haijapotea."

Mama Povu akamkumbatia palepale, ovaroli yenye tope kwenye koti jeupe, na koti likaharibika. Cheche akapiga bomba kwa spana kama ngoma. Afisa wa usalama alifika juu akiwa na daftari lake la makosa, akakuta meneja anashikana mikono na watu, akatafakari, akamwandikia binti onyo la mdomo na kumwomba alitie sahihi. Alitia, kwa furaha, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nguo ile ya bomba ilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi ikaziba, kwa sababu maji ya mtambo hutumiwa na kurudishwa na yana tope lake. Wakaiunganisha na maji safi, ikafufuka, na fundi akashona nyingine tano za kubadilisha. Baada ya miezi miwili Cheche na injinia mkuu walitengeneza trei za bati zenye vitundu vidogo mno, zinazodondosha maji kama kile kitambaa, zikafungwa kwenye matangi yote kumi na nane. Malori hayakurudi tena. Kiwanda cha kuyeyusha kilituma mtaalamu wao kuja kuona kilichofanyika, na meneja, badala ya kujieleza yeye, alimpeleka safu ya tatu. Mama Povu alimweleza kwa nusu saa. Mgeni alikuwa na maneno yake marefu ya kitaalamu kwa jambo lile, lakini alipokuwa anaaga walimsikia akimwambia dereva wake habari za vumbi la kudandia.

Mwaka uliofuata Mama Povu alipandishwa cheo, akawa mkufunzi wa waendeshaji wapya. Alipewa chumba chenye ubao na viti, akakaa nacho siku moja, akaona hakifai. Aliwafundisha juu, kando ya matangi. Saa ya kwanza kila mwanafunzi alitakiwa asimame ameweka mikono mgongoni na kutazama povu bila kugusa vali yoyote. Saa ya pili aliwapeleka kwa binti yake kwenye hadubini, wavue buti mlangoni, waone shaba imejipanga kwenye kiputo. Wengi walitoka pale na uso uleule aliotoka nao yeye. Kwenye kazi zao za maandishi walimwandika "Mwalimu Povu", naye alipigania neno la kwanza lifutwe, liandikwe Mama.

Kabla ya hapo, siku ile trei zilipozinduliwa, fundi alialikwa kuuona mtambo. Walimpa ovaroli ya wageni, ambayo ingewatosha watu wawili wa kimo chake na kubaki. Aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha mlango, na akakataa kwenda hatua moja zaidi mpaka apewe pini. Alizipata kwa karani. Akakunja mikono, akabana kiuno, akabana na miguu, na alipopanda ngazi ya safu ya tatu alikuwa ndiye mtu aliyevaa vizuri kuliko wote mtambo mzima, meneja akiwemo. Cheche alimwuliza kama anaweza kumbania na yake.

Juu pale, mkewe alimwonyesha kila kitu, mahali hewa inapoingia, mahali tope linaposhukia, ukingo, mfereji. Alikuwa anapiga kelele kushinda mashine na fundi alikuwa anatikisa kichwa kukubali vitu ambavyo hakusikia hata nusu yake. Binti yao alifika akiwa na chupa zake za sampuli, akasimama upande wa pili wa baba. Povu lilikuwa linapanda polepole chini ya matone, linakolea, linajikunja. Fundi aliinamia reli akalitazama muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kizuri kabla ya kukikata, kisha akanyoosha kidole kimoja akaligusa. Lilimwachia alama ya njano kwenye ncha ya kidole, naye akaiinua juu kuwaonyesha wote wawili, akicheka.

King'ora cha chakula kikalia. Wakashuka ngazi, fundi katikati, akitembea kwa uangalifu ili pini zisimchome.